Aibu ya Kurudi Ushirika
Somo: Yohana 21:7–17

Mpendwa, umekosa ushirika wa nyumbani miezi minne, sasa waona haya kurudi. Wengine husema aibu ni ya shetani, ikemee tu. Mimi sikubali yote. Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa (18:18). Pale ufuoni akakuta makaa tena, na Yesu akamuuliza mara tatu. Ilimuuma! Yesu hakumpunguzia. Lakini angalia mpangilio: samaki na mkate kwanza, maswali baadaye. Yuda pia alijuta, akaenda zake peke yake. Petro alijitupa majini kumfuata Bwana. Basi Jumatano njoo na hiyo aibu yako. Na sisi wenyeji, chai kwanza jameni. “Ulipotelea wapi?” ingoje.