Kuzunguka Ulaya Wawili kwa Begi la Mgongoni

Safari ya begi la mgongoni barani Ulaya hutegemea treni, hosteli na miguu. Kwa marafiki wawili ni nafuu zaidi, kwani mmoja hulinda mizigo mwenzake akitafuta tiketi. Mikasa mingi ya njiani hutokana na karatasi, saa na vibao vilivyosomwa haraka.

Viza

Nchi 29 za eneo la Schengen hutumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya huiomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, akiwa na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Viza hiyo huruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Uingereza haimo katika eneo hilo na hudai viza yake. Aliyepewa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, akichepuka kwenda London, hawezi kurudi Paris kwa viza ileile.

Saa na treni

Ratiba za Ulaya huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Kwa Mswahili, 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, na 19:15 ni saa moja na robo usiku. Treni ya 00:05 ya tarehe 12 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 12. Anayeingojea usiku unaofuata amechelewa siku nzima. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja, na ile ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma.

Wasioishi Ulaya hununua pasi ya treni ya Eurail, na wakazi wake hununua Interrail. Pasi hizo hazilipii nafasi ya kukaa, ambayo ni lazima kuiwekesha katika treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania. Nchini Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mikoani hugongwa muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Asiyegonga anaweza kutozwa faini. Kuna pia treni zinazogawanyika njiani. Baadhi ya zile zinazotoka Berlin hutenganishwa mjini Hamm, sehemu moja ikaelekea Köln na nyingine Düsseldorf, hivyo marafiki waliokaa mabehewa tofauti wanaweza kujikuta miji tofauti.

Hosteli

Hosteli ya kwanza ya kudumu ya vijana ilifunguliwa na mwalimu Richard Schirrmann mwaka 1912 katika ngome ya Altena, Ujerumani. Hadi leo wageni hulala bwenini, na kufuli la kabati mara nyingi huja nalo mgeni mwenyewe. Anayeondoka alfajiri hufunga begi lake jioni, asije akawaamsha wenzake. Urafiki huanzia jikoni: anayepika chakula cha kuzidi wawili hukosa upweke, na wanaojifungia katika lugha yao hubaki wawili vilevile.

Salamu na adabu

Ufaransa hutanguliza salamu kabla ya shida, kama uswahilini. Anayeingia dukani bila kusema “bonjour” huonekana hana adabu, na majibu huwa ya mkato. Mahujaji wa njia ya Santiago nchini Hispania husalimiana kwa “Buen Camino”, na neno hilo hutosha kufungua mazungumzo na mgeni yeyote.

Vibaka

Karibu na kanisa la Sacré-Cœur, Paris, wapo wanaomfunga mpita njia uzi mkononi kisha wakadai malipo. Wengine huomba sahihi kwenye karatasi, na mwenzao huchomoa simu. Mikono hubaki mfukoni na safari huendelea. Namba ya dharura ni 112.

Kupotezana

Kila mmoja hubeba pasipoti, tiketi na fedha zake, pamoja na nakala ya pasipoti ya mwenzake. Kanuni hupangwa kabla ya kuanza safari: aliyeachwa stesheni hubaki hapohapo, aliyechukuliwa na treni hushuka kituo kinachofuata na kurudi. Pasipoti ikipotea, taarifa huandikishwa polisi kwanza, kisha ubalozini.