Theluji ya Mlima Kenya Hufuata Saa, Si Mwezi

Wakazi wengi wa Kaunti ya Nyeri huuliza ni mwezi gani wa kupanda Mlima Kenya bila kukutana na theluji. Hakuna mwezi kama huo. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, mvua hupungua na njia huwa afadhali, lakini karibu na kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, theluji yaweza kuanguka wakati wowote wa mwaka.

Kinachobadilika zaidi ni saa. Usiku maji yaliyo kwenye mawe huganda yakawa barafu nyembamba isiyoonekana vizuri kwa kurunzi. Jua likichomoza barafu hiyo huanza kulegea, kufikia adhuhuri njia ni tope na maji, na alasiri ukungu hufunika kila kitu. Ndiyo maana waelekezi huwaamsha wageni saa nane au saa tisa usiku. Lengo si picha ya macheo tu. Wanataka kila mtu awe ameshuka kabla ukungu haujaficha njia.

Upande wa mlima nao una maana. Kwa kuwa mlima uko karibu kabisa na ikweta, kuanzia Desemba hadi Machi jua huwa kusini, na theluji hukaa zaidi upande wa kaskazini. Kuanzia Juni hadi Septemba mambo hugeuka. Anayepanda Januari kwa njia ya Naro Moru na kushukia Sirimon anaweza kuacha mawe makavu nyuma yake na kukuta barafu mbele.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kati ya mji wa Naro Moru na Lenana tofauti ni karibu nyuzi 18, kabla hujahesabu upepo. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa hazikauki huko juu, nazo hunyonya joto la mwili. Vaa sufu au nguo za michezo zisizoshika maji, koti la mvua, glavu, boshori na buti zenye meno. Weka soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Wapagazi wetu ndio walio hatarini zaidi. Mgeni huvaa koti nzito, naye kijana aliyembebea mzigo amevaa raba. Anayekuajiri akikosa kukupa mavazi, mdai kabla ya kufika langoni, kwa sababu baada ya hapo ni vigumu kurudi.

Mwenzako akitetemeka, mvue nguo zilizolowa, mkinge na upepo, mpe kinywaji chenye sukari kilicho vuguvugu. Usimpe pombe. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, na maneno yake yakivurugika, hali ni mbaya: mfunike, mshushe kwa uangalifu na muite msaada.

Kuumwa na kichwa pamoja na kichefuchefu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Usiendelee kupanda. Akiyumba kama mlevi au akihema hata akiwa ameketi, ashuke mara moja, iwe usiku au mchana, lakini asishuke peke yake.

Jiandikisheni kwa askari wa KWS langoni, na mwambieni mtu nyumbani siku na saa mnayotarajia kurudi.