SOMO: Bei ya hisa ipangwe na nani?

Wapendwa wanakamati na wafadhili,

Vikundi vya kuweka na kukopa, kama tunavyoviona Chake Chake, vilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Wanachama, wengi wao akina mama, hununua hisa moja hadi tano kila kikao. Fedha hukaa katika sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Baada ya mwaka hivi hugawana.

Usawa huanzia kwenye bei ya hisa. Ikipangwa na mwenye duka, kibarua wa kuchuma karafuu atajitoa msimu ukiisha. Ikipangwa kwa uwezo wake katika miezi mikavu, atabaki, na mwenye duka atanunua tano.

Sisi tutoe mafunzo, tusiingize fedha zetu sandukuni: mkopo wa fedha ya mfadhili hulipwa kwa uzito. Suala la riba, kwa kuwa wanachama wengi ni Waislamu, waliamue wenyewe.

Maswali ya kujadili:
1. Nani alijitoa kikundini kwenu, na kwa nini?
2. Bei ya hisa ilipopangwa, yeye aliulizwa?