SOMO: Hati ya talaka na mahakama ya serikali

Tusome Kumbukumbu la Torati 24:1. Mume ndiye anayeandika hati ya talaka na kumpa mkewe. Wayahudi washika dini wanafanya hivyo hadi leo. Hata mahakama ikivunja ndoa, mume akikatalia hati hiyo, mama hawezi kuolewa tena kwa dini yake. Wengine hudai fedha kwanza!

Mwaka 2002 Uingereza ilitunga sheria: jaji aweza kuchelewesha talaka ya serikali mpaka wote wawili watamke kwamba wametimiza taratibu za dini yao.

Je, serikali imeingia madhabahuni? Sisi tunaona hapana. Jaji haandiki hati ya dini. Anazuia muhuri wake mwenyewe tu. Lakini mume asiyetaka kuoa tena hasumbuliwi na kucheleweshwa huko, na mama anaendelea kungoja.