Karakana ya Magitaa Inapoungana na ya Vifaa vya Sauti: Mwongozo kwa Mafundi wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Mwongozo huu ni wa mafundi seremala wanaochonga magitaa, mafundi wa amplifaya na vifaa vya sauti, na vijana wanaofanya kazi katika karakana zao, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Unahusu jambo moja: karakana mbili zinapoamua kuwa moja.

Sababu za kuungana zinaeleweka. Gitaa la umeme hupita kwa mafundi wawili. Mmoja huchonga kiwiliwili na shingo. Mwingine huunda kinasa sauti, amplifaya na kisanduku cha mwangwi. Kwaya inayotaka kununua haipendi kuzunguka kwa watu wawili, na gitaa likikorofisha inataka mtu mmoja wa kumuuliza. Muungano wa namna hiyo unaweza kuwa na heri. Unaweza pia kuzima karakana iliyokuwa hai, na wa kwanza kuumia huwa kijana wa kazi ambaye hakuwa na karatasi yoyote mkononi.

Waliotangulia

Kampuni ya Gibson ya Marekani iliinunua Opcode, watengenezaji wa programu za muziki, mwaka 1998. Mwaka uliofuata kazi ya kuendeleza bidhaa za Opcode ilisimama. Mwaka 2014 Gibson ikachukua biashara ya vifaa vya sauti vya nyumbani ya Philips kwa dola milioni 135, na Mei 2018 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mzigo mkubwa ulitokana na vifaa hivyo. Magitaa yake yalikuwa bado yananunuliwa. Ilipotoka huko ikiwa na wamiliki wapya ilirudi kwenye magitaa, na Januari 2021 ikaichukua Mesa/Boogie, watengenezaji wa amplifaya za magitaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipochagua vizuri: mwenzi anayemhudumia mteja yuleyule. Yamaha nayo, ilipoinunua Line 6, mabingwa wa vifaa vya kubadili sauti ya gitaa, mwishoni mwa 2013, iliwaacha waendelee kufanya kazi kwa jina lao.

Habari ya Fender inatufaa zaidi. Iliuzwa kwa CBS mwaka 1965 kwa dola milioni 13. Mwaka 1985 kundi la watumishi na wawekezaji lililoongozwa na Bill Schultz liliinunua kwa dola milioni 12.5, lakini kiwanda cha Fullerton, California, hakikuwamo katika mauzo. Walipata jina na haki za bidhaa bila mahali pa kutengenezea, wakategemea sana magitaa yaliyoundwa Japani hadi walipoanzisha kiwanda kingine. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, andikeni kinachoingia na kinachobaki nje: banda, randa, msumeno wa mezani, mashine ya kuzungushia koili, violezo vya mbao, michoro ya saketi, jina, simu ambayo wateja wanaijua, na madeni. Violezo husahaulika sana, na fundi akiondoka navyo ameondoka na umbo la gitaa lenu.

Aina ya muungano

Njia nyepesi ni mkataba wa kazi kati ya karakana mbili zinazobaki mbili: huyu anachonga kwa bei hii, yule anaweka umeme kwa bei ile. Njia ya pili ni ubia. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wabia wasipoandika vinginevyo huchukuliwa kuwa wanagawana faida na hasara sawa kwa sawa, na deni la ubia linaweza kufuata mali binafsi ya kila mbia. Seremala mwenye shamba la kahawa atafakari hilo kabla hajaungana na fundi aliyenunua spika kwa mkopo. Njia ya tatu ni kampuni yenye hisa, inayosajiliwa BRELA, ambayo deni lake ni la kampuni yenyewe isipokuwa pale mlipoweka dhamana zenu binafsi. Wakopeshaji huomba dhamana hizo mara nyingi.

Ushauri wangu ni kuanza na njia ya kwanza kwa msimu mzima wa kahawa. Umatengoni, yaani upande wa milima ya Mbinga, wateja huja fedha ya kahawa inapolipwa. Kwaya hununua, vijana wa bendi hununua, kisha karakana hukaa kimya miezi mingi. Pwani ya ziwa fedha hufuata usipa na dagaa, na usiku wa mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu. Mkiupima muungano kwa miezi ya neema tu, mtajipangia mishahara ambayo kiangazi cha fedha hakiwezi kuilipa.

Jina la biashara la ubia lisajiliwe BRELA, namba ya mlipakodi itoke TRA kwa jina jipya, na leseni ya halmashauri ifuate. Kwa mbao kuna la ziada: usajili wa mfanyabiashara wa mazao ya misitu na hati za kusafirishia zinazotolewa chini ya TFS zina jina la mhusika, na karakana mpya isisafirishe mninga au mpingo kwa karatasi za karakana iliyokufa. Taarifa kwa Tume ya Ushindani haiwahusu wengi wenu, kwani kiwango kilichowekwa mwaka 2017 ni muungano wenye mauzo au mali ya shilingi bilioni 3.5.

Gitaa linaporudi

Ugomvi wa kwanza katika muungano wa namna hii mara nyingi hautatokana na fedha. Utatokana na gitaa lililorudishwa. Mbinga iko juu milimani, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Mbao iliyokauka katika baridi ya Umatengo ikishushwa Mbamba Bay hukutana na joto na unyevu mwingine, nayo hujaa au hupinda. Shingo ikisogea kidogo tu nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni na sauti inakereketa. Mwenye gitaa anasikia kupitia spika, anasema amplifaya ni mbovu. Fundi wa sauti anasema ni mbao. Seremala anasema ni waya. Mteja anabaki katikati na kwaya yake inaimba bila gitaa.

Wekeni utaratibu wa uchunguzi kwenye mkataba wenyewe. Gitaa lipigwe kwanza bila kuchomekwa. Nyuzi zikikereketa hapo, kazi ni ya seremala: shingo, daraja la nyuzi au vyuma. Likitoa sauti safi bila umeme na kuvuma likichomekwa, kazi ni ya fundi wa sauti. Mvumo unaopungua mpigaji anapogusa nyuzi mara nyingi hutoka kwenye kinga ya nyaya au uungaji wa ardhi ndani ya gitaa. Mpigaji akihisi shoti, kila kitu kichomolewe na kisitumike tena hadi amplifaya na soketi ya ukutani vikaguliwe. Hilo ni suala la uhai wa mtu, na halingojei mjadala wa nani alipe.

Kila gitaa liwe na kadi inayotaja aina ya mbao, muda zilizokaa zikikauka, aliyechonga, aliyefunga umeme na tarehe. Gharama ya kutengeneza upya ibebwe na upande uliokosea kwa mwezi wa kwanza au wa pili, na baada ya hapo ibebwe na mfuko wa pamoja. Mbao za magitaa yanayokwenda ziwani zishushwe mapema zikapumzike hukohuko kabla ya kazi ya mwisho ya shingo. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni rahisi kuliko kulirudisha gitaa mlimani.

Haki za aliyeajiriwa

Hapa naomba usomaji wa makini, hasa kwa ninyi mliozoea kuajiriwa kwa maneno. Uliza kwanza ni nini hasa kilichonunuliwa. Kama hisa za kampuni iliyokuajiri zimebadilisha mikono, mwajiri wako ni yuleyule na mkataba wako unaendelea. Kama zimenunuliwa mashine na jina tu, au karakana ya mtu binafsi imeingia katika ubia, una mwajiri mpya. Usidhani miaka yako ya kazi itahama yenyewe. Iombe kwa maandishi, ikitaja tarehe uliyoanza kazi kwa mwajiri wa kwanza.

Tarehe hiyo ina thamani ya fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kazi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi mfululizo, kwa miaka isiyozidi 10, mradi ametimiza miezi 12. Aliyefanya kazi miaka 6 ana siku 42. Akisaini karatasi inayosema ameanza upya leo, bila kulipwa ya nyuma, amejiweka katika hatari ya kuzipoteza. Lakini sheria hiyohiyo inamnyima kiinua mgongo aliyepunguzwa akakataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyopewa, hata kwa mwajiri mwingine. Ukikataa, andika sababu: umbali kutoka Liuli hadi Mbinga, ujira mdogo zaidi, au kazi usiyoisomea.

Kwa upande wa wenye karakana, wajibu wa sheria unaanza pale mnapofikiria kupunguza watu. Mtoe taarifa, mueleze sababu, mshauriane na wafanyakazi namna ya kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua wanaoondoka, na malipo. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua siku 28. Maelezo ya ajira yawe ya maandishi, na yakibadilika mfanyakazi ashirikishwe na apewe nakala. Mwajiri asipoweza kuonyesha maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Michango ya NSSF ya miezi ya nyuma ilipwe kabla ya karakana ya zamani kufungwa, na kila mfanyakazi ahakiki taarifa ya akaunti yake mwenyewe.

Maneno ya "tutakuita kazi ikipatikana" hayasimamishi muda wa sheria. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Kwa mkoa wa Ruvuma ofisi iko Songea, na shauri linafunguliwa kwa Fomu Namba 1. Anayetoka Lituhi au Liuli apange safari hiyo katika wiki ya kwanza, akiwa na karatasi za mshahara, ujumbe wa simu wa kuitwa au kuachishwa kazi, na nakala ya kadi za magitaa aliyoyafanyia kazi.