WAFALME WAWILI MBELE YA NENO LA MUNGU

Katika vitabu vya kale vya Bani Israili mna habari za wafalme wengi waliofikiwa na maonyo ya manabii. Katika somo hili tutawazingatia wawili tu, Yosia na Yehoyakimu. Hawa walikuwa baba na mwana. Wote wawili walikalia kiti kimoja cha ufalme mjini Yerusalemu, na wote wawili walisomewa neno la Mwenyezi Mungu kutoka kitabuni. Baba aliposikia, alirarua mavazi yake; mwana aliposikia, alikikata kitabu. Tukiyalinganisha mambo haya mawili tutafahamu utii ni kitu gani, na kwa nini ukoo mtukufu na mahali patakatifu haviwezi kushika nafasi yake.

Yosia asikia

Habari za Yosia zimo katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 22 na wa 23. Alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 8, katika nchi ambayo babu yake Manase alikuwa ameijaza sanamu hata ndani ya Hekalu. Katika mwaka wa 18 wa utawala wake, yaani karibu mwaka 622 kabla ya Nabii Isa a.s., Hekalu lilikuwa likitengenezwa. Kuhani mkuu Hilkia akakiona humo kitabu cha Torati, akampa mwandishi Shafani, naye Shafani akamsomea mfalme.

Ndugu msomaji, Yosia angeweza kujitetea. Angeweza kusema: “Mimi ni wa ukoo wa Daudi, Hekalu nalitengeneza, na makosa haya ni ya wazee wangu.” Wala hakusema hivyo. Alirarua mavazi yake, akalia, akatuma wajumbe kwa Hulda, nabii mwanamke aliyekaa Yerusalemu, ili aulize shauri la Mungu. Hulda hakumbembeleza. Alijibu kwamba maangamizi ya mji yatakuja, ila kwa kuwa moyo wa mfalme ulilainika na kunyenyekea, macho yake hayatayaona.

Hapa pana jambo la kutazamwa sana. Yosia alikwisha kuambiwa kuwa hukumu ya mji haitaondolewa. Hata hivyo aliwakusanya watu wote, wakubwa kwa wadogo, akawasomea kitabu kile, akafunga agano, akaondoa masanamu. Mtu anayetii kwa ajili ya faida tu angeliacha kazi baada ya jibu la Hulda. Yosia alitii kwa sababu aliyeamrisha ni Mungu.

Yehoyakimu akata kitabu

Yosia aliuawa huko Megido mwaka 609, na baada ya miezi michache Farao Neko wa Misri akamtawaza Yehoyakimu. Katika mlango wa 22 wa kitabu chake, Nabii Yeremia a.s. anamshitaki mfalme huyu kwamba alijijengea jumba la fahari kwa mbao za mierezi, akawatumikisha watu bila ya kuwalipa ujira wao. Kisha anamkumbusha baba yake, ambaye alimhukumia haki maskini na mhitaji, na anafundisha kwamba kufanya hivyo ndiko kumjua Mungu. Basi utii wa Yosia haukuishia katika kuvunja sanamu. Ulifika hata kwenye haki ya mnyonge.

Watu wa Yerusalemu walitegemea Hekalu lao. Walidhani kuwa mji wenye nyumba ya Mungu hauwezi kuanguka, hata wakiiba, wakizini na kuapa kwa uongo. Yeremia alisimama mlangoni pa Hekalu akawaambia wakautazame mji wa Shilo, ambao nao zamani ulikuwa na mahali pa ibada ya Mungu, na sasa umekuwa magofu. Kwa maneno hayo makuhani wakataka auawe. Aliyemkinga ni Ahikamu mwana wa Shafani. Lakini nabii mwingine, Uria, aliyehubiri kama yeye, alikimbilia Misri. Yehoyakimu akamrudisha na kumwua kwa upanga.

Mlango wa 36 unaeleza yaliyofuata. Katika mwaka wa nne wa mfalme huyu Yeremia alimsomea mwandishi wake Baruku maneno yote ya maonyo, naye akayaandika katika gombo. Mwaka uliofuata, siku ya kufunga saumu, Baruku aliyasoma Hekaluni, katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Hatimaye gombo likafikishwa kwa mfalme. Ilikuwa majira ya baridi, na makaa yalikuwa yakiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, alizikata kwa kisu cha mwandishi akazitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Gemaria na wenzake wawili walimsihi asifanye hivyo, asiwasikilize. Mwandishi wa habari hii amekumbuka kutaja kwamba mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao.

Je, neno liliungua? Yeremia alitwaa gombo jingine, na Baruku akayaandika maneno yote yale yale, na mengine mengi yakaongezwa. Mwaka 586 mji ulianguka mikononi mwa Wababeli, na Hekalu likachomwa.

Mwaka 1982 wachimbuzi wa mambo ya kale huko Yerusalemu walipata vipande vya udongo vilivyotumika kupiga muhuri hati, na kimoja kina jina la Gemaria mwana wa Shafani. Moto ulioteketeza hati hizo ndio ulioukausha udongo ukawa mgumu, hata majina yakahifadhika.

Swali moja

Huenda mtu akauliza: “Ikiwa Yosia alikuwa mtii, mbona aliuawa angali na miaka 39, na mwanawe mwovu akatawala miaka 11?” Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba utii si biashara ya kununulia umri mrefu. Ahadi aliyopewa Yosia ilikuwa kwamba hatayaona maangamizi ya mji wake, nayo ilitimia. Anayepima ukweli wa dini kwa raha za mwaka mmoja au kumi atampa Yehoyakimu sifa asizostahili.

Yatupasayo

Kurani Tukufu haikumtaja Yeremia kwa jina, bali yafundisha kwamba wako Mitume ambao habari zao hazikusimuliwa humo. Na katika Sura Al-Jumua wale waliobebeshwa Torati kisha wasiifuate wamefananishwa na punda aliyebeba vitabu. Mfano huu unatuhusu na sisi, maana mzigo wa vitabu waweza kuwa mgongoni mwa mtu wa umma wo wote.

Wewe unayetafuta ukweli, pengine wazee wako hawakukisoma kitabu unachokisoma leo, au jamaa zako wamekuonya usikiguse. Kumbuka kwamba Yosia alikuwa mjukuu wa mwabudu sanamu, na Yehoyakimu alikuwa mwana wa mtu mwema. Wala nasaba haikumdhuru yule wala kumwokoa huyu. Linapokufikia neno linalokukosoa, usitafute kisu. Lisome mpaka mwisho, waulize wenye elimu kama Yosia alivyouliza, na ukiliona ni haki, anza na lile lililo karibu nawe: ujira wa mtu unayemwia, au dhuluma uliyoizoea.

Mwenyezi Mungu atujaalie mioyo iliyo laini, isikiayo na kutii. Amin.