Paka Hataki Dawa? Tumia Akili, Siyo Nguvu!

Leo tunamzungumzia mgonjwa asiyeweza kusema anaumwa wapi, na ukimletea dawa anakurarua: paka.

"Ah, paka naye apewe dawa?" Usicheke. Nilipokuwa kidato cha pili, paka wetu Chausiku aliacha kula, akawa anajikunyata tu jikoni. Nikamhurumia. Nikasaga nusu kidonge cha parasetamoli, nikachanganya na maji, nikamnywesha kwa nguvu. Nikajiona daktari kweli! Jioni uso ukamvimba, fizi zikabadilika rangi, akawa anahema kwa shida. Kulipokucha, amekufa. Sikumwambia mtu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipojua kuwa aliyemuua ni mimi.

DAWA YA MTU SI DAWA YA PAKA

Kwa nini ilikuwa hivyo? Ini lako lina vimeng'enya vya kuivunja parasetamoli ili itoke mwilini. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa vimeng'enya hivyo. Dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka mzima. Aspirini na ibuprofeni nazo ni hatari kwake. Hata dawa ya viroboto ya mbwa, ikiwa ina permethrini, usimpake paka kamwe.

Basi, kwanza muone bwana mifugo au daktari wa mifugo. Atataka kujua uzito. Huna mizani ndogo? Panda kwenye mizani ukiwa umembeba paka, kisha panda peke yako, halafu toa. Kama ni kilo 52 na kilo 49, paka ana kilo 3. Hesabu za darasani hizo!

JE, KUNA PAKA USIYEPASWA KUMGUSA?

Ndiyo. Paka aliyebadilika tabia ghafla, anayeshambulia ovyo, anayetokwa na mate mengi au anayeshindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Usithubutu kumtia kidole mdomoni! Kaa mbali, waambie wakubwa, mwiteni mtaalamu wa mifugo.

HATUA KWA HATUA

1. Jaribu ujanja kwanza. Akiwa na njaa, mpe kipande kidogo cha samaki kisicho na dawa. Cha pili kiwe na kidonge ndani. Cha tatu kisiwe na dawa. Mara nyingi anameza cha pili akikimbilia cha tatu. Lakini usisage kidonge bila kuuliza. Vingine havifai kusagwa, na vingine ni vichungu mno.

2. Akigoma, mfunge kwa kanga au taulo mwili mzima, kichwa tu kibaki nje. Usimkabe, aweze kuhema. Mgongo wake uelekee kwako.

3. Kwa mkono mmoja shika kichwa kutoka juu, dole gumba upande mmoja wa taya na kidole kingine upande wa pili. Inua pua kidogo. Kwa mkono wa pili vuta taya la chini, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, kisha funga mdomo.

4. Msugue koo taratibu. Akijilamba pua, ujue amemeza.

5. Mpe maji kidogo, kama mililita 5, au chakula. Kidonge kikavu kikikwama kooni kinaweza kuunguza njia ya chakula.

Dawa ya maji je? Tumia bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Lipitishe pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino refu, utie kidogo kidogo. Hapa usimwinue kichwa, maana dawa inaweza kuingia kwenye mapafu.

Akitoa povu mara baada ya dawa chungu, usishtuke, ni uchungu tu. Na akipandisha hasira, mwache apumzike, ujaribu tena baadaye. Usimpige. Ukimpiga leo, kesho hutamwona.

Tena, maliza dozi hata kama amepata nafuu siku ya pili. Ukikatisha, vijidudu vilivyobaki vinaweza kurudi na ugonjwa.

AKIKUNG'ATA?

Jino la paka ni jembamba na linaingia ndani sana. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini vijidudu viko chini. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usione haya, wala usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Chanjo ikiwahi, inazuia.

Mimi nilinyamaza kuhusu Chausiku. Wewe uliza kabla hujampa dawa, na useme ukiumia. Poa?

JADILINI DARASANI

1. Kwa nini dawa inayomsaidia binadamu inaweza kumuua paka?
2. Rafiki yako ameng'atwa na paka, na anaogopa kuwaambia wazazi. Utamshauri nini?
3. Nyumbani kwenu, ni dawa zipi mnapeana bila kumuuliza mtaalamu?